Hii Naruka

Nilifika Juba na mabegi mawili. Moja lilikuwa na nguo za kazi, jingine lilikuwa na jozi tatu za viatu vya magurudumu, na katika mji ule mzima sikuona kipande cha lami cha kutosha kuviweka chini. Ilikuwa miaka ya mkataba wa amani, ule ambao kila mtu pale aliuita CPA, hata mama muuza chai asiyejua kusoma. Hoteli iliyoniajiri niwe msimamizi wa mapokezi ilikuwa makontena na mahema ukingoni mwa mto. Ukitoka getini ni vumbi, mvua ikinyesha ni tope. Wenzangu wa Nairobi walikuwa wamenicheka waziwazi, na mmoja aliniuliza kama nitaserereka juu ya mchanga.

Nilikuwa nimeishi juu ya magurudumu tangu nikiwa na miaka tisa. Jozi ya kwanza baba aliinunua soko la Gikomba, mtumba, kiatu cha kulia kikubwa kuliko cha kushoto. Jumapili tulikutana kwenye maegesho ya duka kubwa likiwa limefungwa, tukapanga kreti za soda moja juu ya nyingine na kuziruka. Baadaye kreti zikawa ufito juu ya nguzo mbili, na mchezo ukawa mashindano. Unakuja kwa kasi, unaruka ufito, unatua kwa magurudumu na kubaki wima. Kila kimo una majaribio matatu. Nilishinda miaka mitatu mfululizo, mwaka wa nne nikapoteza kwa sababu mwamuzi alisema nimeugusa ufito. Sikuugusa. Mpaka leo nasema sikuugusa, na walionizunguka wamechoka kunisikia.

Halafu goti likagoma. Nikawa mkufunzi, kisha mwamuzi, kisha yule mtu ambaye kila mkutano anasukumiwa daftari aandike. Wengi wetu tunakuwa viongozi wa michezo kwa njia hiyo. Mwili ukikataa unapewa kalamu. Wala sikuipenda kalamu mwanzoni. Nilikwenda Juba nikijiambia kwamba nimeachana na mambo hayo, lakini mtu aliyeachana na mambo hapakii jozi tatu.

Klabu ilianza kwa kosa la neno. Baada ya ibada, katika kanisa tulilosali Wakenya na Waganda, nilisimama kwenye matangazo nikasema nimekuja na sketi na natafuta mahali pa kuzitumia. Ndivyo tulivyozoea kuviita vile viatu mtaani kwetu, kwa kulikata neno la Kizungu. Jumatatu yake mama mmoja Mganda, mwenye duka mtaa wa Hai Jalaba, alikuja hotelini akiwa amevaa vizuri, akaomba kuona sketi. Alitaka ya kanisa, ndefu, ya mtu mwenye mwili. Nilimfungulia begi. Alitazama magurudumu, akanitazama mimi, kisha akacheka mpaka akatafuta kiti. Nilicheka naye. Alipomaliza kujifuta machozi aliniambia kwamba nyuma ya duka lake kuna ghala lenye sakafu nzuri ya saruji, na malori ya kutoka Nimule, mpakani na Uganda, yakichelewa linabaki tupu.

Tulianzia humo, watu wanne, halafu saba, halafu wengi kuliko sakafu. Vumbi lilikuwa adui yetu wa kwanza. Kila baada ya mazoezi tulitoa beringi za magurudumu na kuziosha kwa mafuta ya taa, tukizipanga juu ya gazeti, na mama wa duka alilalamika kwamba sukari yake inanuka mafuta ya taa. Kisha mji ukaanza kupata lami, barabara moja ya ofisi za serikali kwanza, nyeusi na laini, na sisi tulikuwa wa kwanza kuifaidi. Jumapili alfajiri, kabla misafara ya wakubwa haijaamka, tuliweka nguzo zetu pale. Siku moja askari wa trafiki alitusimamisha akauliza kwa uzito kabisa namba za usajili ziko wapi. Tulimwambia gari la miguu halina namba, akafikiri kidogo, akaturuhusu.

Tukaunda kamati ya watu watatu. Mimi mwenyekiti na mwamuzi mkuu, mama wa duka katibu, na makamu wangu alikuwa mzee mmoja mwenyeji aliyefundisha mazoezi ya viungo shuleni miaka mingi. Kila mtu alimwita Ustaz, ndivyo Juba wanavyomwita mwalimu. Kanuni zetu ziliandikwa Kiingereza, mashindano yaliendeshwa Kiswahili, na matusi yalitoka kwa Kiarabu cha Juba. Niliona huo ni utaratibu mzuri. Sikujua kwamba hata ndani ya Kiswahili tulikuwa na lugha mbili.

Kati ya warukaji wetu wanawake, wawili walikuwa juu ya wengine. Mmoja alifanya kazi benki. Alikuwa mwenyeji aliyekulia Nairobi ukimbizini na kurudi baada ya amani, na Kiswahili chake kilikuwa cha mitaa ya kwetu. Tulielewana kwa nusu sentensi. Wa pili alikulia Uganda kambini, na sasa alikuwa akipika chapati Nesitu, kule malori ya barabara ya Nimule yanakosimama. Alijifundisha mwenyewe kwenye saruji ya kituo cha mafuta, wakati madereva wakila. Viatu vyake nilimpa mimi, jozi yangu ya tatu, na ukanda wa kushoto ulipokatika aliufunga kwa kipande cha mpira wa tairi. Kila Jumapili alipanda lori giza halijaisha ili atuwahi. Hakuwa mtu wa maneno. Unamwita, anakuja, anaruka, anarudi kwenye mstari.

Nitasema ukweli, nilimpenda zaidi yule wa benki. Si kwamba alikuwa bora. Alinikumbusha mimi, na mtu akijiona kwa mwenzake hupofuka kidogo.

Kisha ukaja mwaliko kutoka Nairobi. Mashindano ya kanda, na Juba imepewa nafasi mbili, mwanariadha mmoja mwanamke na kiongozi mmoja. Kiongozi angekuwa nani kama si mimi? Niliwaza nikiingia pale na faili kwapani, mbele ya wote walioamini goti lilinimaliza. Niliwaza hasa kuhusu yule mwamuzi wa mwaka wa nne, kama bado yu hai na bado anakaa mezani. Wiki tatu nzima sikuwaza kitu kingine.

Siku ya mchujo tuliamka mapema kwa sababu ikifika saa nne lami ya Juba inakuwa moto na magurudumu yanaanza kunata. Nguzo zetu, kazi ya fundi wa kuchomelea, zilikuwa na alama nane. Ufito ulipofika alama ya sita walikuwa wamebaki wale wawili tu. Wa benki aliuvuka kwa jaribio la tatu. Nikamgeukia wa Nesitu. Alikuwa ameanguka kidogo kwenye alama ya tano kabla ya kuivuka, na kiwiko chake kilikuwa kinatoka damu. Vimo vyote vya nyuma nilimwita tu na akaja. Safari hii, kwa ajili ya kile kiwiko, nilimuuliza, "Na hii?"

Akanijibu, "Hii naruka."

Sasa, kanuni zetu zinamruhusu mtu kuacha kimo ili asubiri kinachofuata, abaki na nguvu. Nairobi tangu utoto kuacha huko tulikuita kuruka, kama mwanafunzi anavyoruka swali gumu kwenye mtihani. Mtu anayekwenda kwenye ufito aliinua mkono akasema "nakuja." Mtu anayekiacha kimo alisema "hii naruka." Hakuna aliyewahi kutuandikia, na mimi sikuwahi kumfundisha mtu yeyote Juba, kwa sababu sikujua kwamba ni kitu cha kufundishwa. Nikachora kistari mbele ya jina lake, alama ya kimo kilichoachwa, nikaamuru ufito upandishwe.

Alikuwa amekwisha kwenda mwanzo wa njia, ameinama, mikono magotini, akisubiri. Alipoona ufito unapanda alisimama wima. Nikamwita wa benki, akajaribu alama ya saba, akaangusha. Wa Nesitu akaja mezani polepole. "Madam, mimi bado kuruka," alisema.

"Umeruka," nikamwambia. "Nimeandika."

"Mimi hapana ruka."

"Uliniambia mwenyewe unaruka, na umeruka. Rudi kwenye mstari."

Alitazama ufito, akanitazama. Nina hasira za karibu, jambo linalojulikana, na asubuhi ile niliona ni ujeuri. Mtu anasema jambo, linaandikwa, halafu anageuka. Nikamwambia akisema tena namtoa. Akarudi. Aliujaribu ule wa saba mara tatu na kuuangusha mara tatu, na wa benki vivyo hivyo. Kwa hiyo wa benki alikuwa na alama sita, wa Nesitu tano, na mimi nikatangaza nani anakwenda Nairobi. Wote tuliokuwa pale tulikuwa tumemwona akivuka alama ya sita kwenye mazoezi mara nyingi tu. Hakuna aliyesema kitu, maana mwenye kalamu alikuwa mimi.

Jumatano alasiri kamati ilikaa dukani Hai Jalaba, kati ya magunia ya sukari na katoni za sabuni, kupanga safari. Wa Nesitu akaingia. Alikuwa ameacha chapati zake akapanda lori la mchanga, na kitambaa cha kazi kilikuwa bado kichwani. Hakukubali kukaa.

"Mimi ilisema naruka," alimwambia Ustaz, si mimi. "Mimi iko pale, iko tayari. Madam naita mtu mwingine. Mimi naenda kwa meza, yeye nasema mimi imeruka. Mimi imeruka wapi?"

Nilielewa pale pale, kabla hajamaliza. Maneno yalijigeuza kichwani mwangu yakakaa upande wake, na nilisikia masikio yanapata moto. Alisema anaruka kwa sababu alitaka kuruka. Nimekaa kwenye mchezo wa kuruka maisha yangu yote, na sikumwelewa mtu aliyeniambia anaruka.

Ustaz alinigeukia. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole. "Madam, wewe ilisikia yeye nasema nini?"

Ningesema. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini niliiona Nairobi, nikaliona faili kwapani, nikamwona kiongozi asiyejua hata lugha ya wanariadha wake. Nikasema, "Sikumsikia akisema kitu cha maana. Na asiyekubali kushindwa si mshindani."

Wa Nesitu alifikiria methali ile kwa muda, kana kwamba nimempa kitu ashike. "Mimi nakubali kushindwa," alisema. "Lakini mimi bado haijashindwa. Mimi haijaruka." Kisha akasema "kalas," yaani yamekwisha, akatoka kutafuta lori la kurudi.

Kwetu Nairobi neno lile lina maana nyingine tena. Kumruka mtu ni kumkana mchana kweupe, kama hamjawahi kuonana. Kwa neno moja nilikuwa nimemruka mara mbili, mara ya kwanza kwa kutojua na mara ya pili nikijua kabisa. Niliona aibu, na aibu yangu, kama kawaida, ilitoka kama ukali. Nikaanza kumgombeza katibu kuhusu barua ya mwaliko.

Mama wa duka aliacha nimalize. Ustaz alipotoka kwenda kuswali, mama aliendelea kukunja magazeti ya kufungia sukari, akasema bila kuinua macho, "Dada, mimi nilikuja kwako kutafuta sketi, tukacheka sisi wote. Huyu ilikuja kuruka. Kwa nini yeye hapana cheka na wewe?"

Siku iliyofuata nilimpigia simu yule wa benki, nikamwambia huenda alama ya sita ikarudiwa. Nilitarajia alalamike, na nusu yangu iliomba alalamike. Alisema tu, "Madam, mwache aruke. Sitaki kushinda kwa kistari." Nikamtuma dereva wa lori apeleke ujumbe Nesitu: Jumapili, alfajiri, alama ya sita.

Hata hapo sikuwa nimenyooka. Jumapili, watu wote wamesimama kando ya lami, nilitangaza kwamba kulitokea mkanganyiko wa kiufundi, na kwa hiyo kimo kimoja kitarudiwa. Mkanganyiko wa kiufundi! Niliyasema maneno hayo kwa sauti ya mezani, ile tunayoitumia viongozi tukitaka jambo lipite bila mwenyewe. Nikaongeza kwamba kuanzia leo anayeacha kimo atasema "napita." Wa Nesitu akiuvuka ufito wa sita, yeye na wa benki wataendelea mpaka mmoja ashinde.

Wa Nesitu alikuwa ameketi kwenye ukingo wa barabara akifunga ule mpira wa tairi. Akaacha. "Nani alikosea?" aliuliza.

"Lugha iliingiliana," nikasema.

"Nani?"

Nikainamia daftari.

"Basi," alisema, "napita." Akaanza kufungua kiatu.

Lile neno nilikuwa nimelitunga asubuhi ile, na yeye ndiye wa kwanza kulitumia, na alilitumia sawasawa. Nilimtazama akivuta ule mpira. Nikajiona mimi kwenye mwaka wa nne, nikisubiri mtu mmoja tu mzima aseme kwamba sikuugusa ufito. Nimesubiri mpaka leo.

Nikasimama. Nikasema kwamba aliyekosea ni mimi. Kwamba aliniambia anaruka nami nikaandika ameacha. Kwamba Jumatano, mbele ya kamati, nilikuwa nimeshajua, na nikamruka. Nikasema mtu aliyechora kistari kile hana kazi Nairobi mwaka huu, nikampa Ustaz faili la safari. Mkono haukutaka kuliachia, akalivuta kidogo. Nikampa na daftari, kwa kuwa sikuona haki niendelee kuamua.

"Hapana," alisema wa Nesitu. Alikuwa ameanza kufunga kiatu tena. "Yeye iliandika mbaya. Yeye iandike mzuri."

Nikalichukua tena daftari, nikarudi mezani. Aliinua mkono, akasema, "Naruka," kwa sauti ya watu wote kusikia, na baadhi wakacheka, na mimi pia.

Jaribio la kwanza aliondoka ardhini mapema, akauchukua ufito kwa goti. La pili gurudumu la nyuma liliugusa, ukacheza, ukacheza, ukaanguka. Kabla ya la tatu alikwenda mbali zaidi kuliko kawaida, karibu na mahali lami inapoishia. Alikuja kwa kasi ambayo sikuwahi kumwona nayo. Alipaa. Ufito haukutikisika hata kidogo. Watu walianza kupiga kelele wakati bado yuko hewani, kisha akatua, gurudumu likakutana na kokoto, na akaenda chini kwa ubavu mpaka ukingoni.

Kanuni inasema anayeruka atabaki wima. Lakini ufito ulikuwa juu, na watu wote walikuwa wananitazama. Mama wa duka alitikisa kichwa kwamba nimpe. Hata wa benki alikuwa anapiga makofi. Nami nilitaka kumpa, Mungu anajua. Ningempa, ningelala vizuri, na kila mtu angesema deni limelipwa.

Alikuja mezani akichechemea, mchanga umemganda mkono mzima. Aliniona kalamu imesimama.

"Mimi imeanguka," alisema.

"Ufito haukuanguka," nikamwambia.

"Mimi imeanguka, Madam." Akainama juu ya daftari, akaweka kidole kwenye kile kistari cha wiki iliyopita. "Futa hii kwanza."

Nikakifuta. Kilikuwa cha kalamu ya wino, ikabidi nikwangue mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Pembeni yake nikaandika alama ya kosa, moja, mbili, tatu, naye akazifuata kwa macho mpaka ya mwisho.

"Sawa," alisema. "Sasa mimi imeshindwa."